Msimu Miche Yangu Ilipokufa

Kitalu changu cha miche kilikuwa kaskazini kabisa mwa Dar es Salaam, ukishaiacha lami ya Bunju na kushika njia ya vumbi inayokwenda Mabwepande. Huko mji umefika lakini bado haujakaa. Unakuta nyumba ya vigae yenye geti la chuma, linafuata shamba la mihogo, halafu pori, halafu msingi wa nyumba ulioota nyasi kwa sababu mwenyewe kaishiwa. Ngedere walitoka msituni asubuhi na kukaa juu ya kuta za watu kama wenye nyumba. Mie nilipapenda. Nimezaliwa milimani, Lushoto, na baba yangu alikuwa mtu wa miche. Nilijua kujaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vyeusi vya kuoteshea, kabla sijajua kusoma. Nilipoolewa nikaletwa Dar, tulikaa miaka mingi Temeke kwenye chumba kimoja ambapo hata mchicha usingepata pa kuota. Kwa hiyo tulipopata kiwanja kule, mume wangu alijenga vyumba viwili, na mie mbele ya nyumba, kando ya njia, nikaanzisha kitalu.

Wateja wangu walikuwa wale wanaojenga. Mtu akimaliza ukuta anataka kivuli, akishapata kivuli anataka matunda. Niliuza miembe ya kubebesha, ile iliyounganishwa ili izae mapema, michungwa, miparachichi, mitiki, na miashoki ya kupanga kando ya geti. Mume wangu ni fundi mwashi, na uashi nao una kiangazi chake. Miezi mingine kitalu ndicho kilichotulisha na kumsomesha binti yetu.

Tulikuwa wachache pale njiani. Upande wa kushoto kulikuwa na fundi wa mageti. Ng'ambo, duka la pembejeo la mzee mmoja mwenye asili ya Kiarabu, mpole, ambaye ukoo wake umekaa dukani tangu enzi za babu zake. Nyuma ya nyumba yangu aliishi mama mmoja wa Kizaramo, mjane, mpika vitumbua. Kila asubuhi alikatiza katikati ya kitalu na ndoo yake kichwani, kwa kuwa hiyo ndiyo njia fupi ya kufika kijiweni kwa bodaboda, alikokuwa anauzia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hee, miche yako imependeza! Imenawiri kuliko wajukuu zangu."

Kila siku alikuwa na sifa mpya. Mie nilicheka na kumpa kiti, yeye akaniachia vitumbua viwili juu ya jani la mgomba. Tulikaa hivyo kwa miaka minne na sikumbuki tuligombana kwa lolote.

Mwaka ule vuli haikunyesha. Mawingu yalikuja yakasimama upande wa msitu, yakaondoka. Kisima changu kikashuka mpaka pampu ikawa inavuta tope. Mume wangu alikuwa amepata kazi Kibamba, ya kujenga nyumba ya mtu, akawa analala hukohuko. Nilipompigia aliniambia, "Vumilia, nikirudi tutatazama cha kufanya."

Sikuvumilia. Nilikuwa na miche zaidi ya elfu mbili juani, na shule moja ya jirani ilikuwa imeagiza miti ya kupanda masika. Nikaita mafundi wa visima. Wakashuka siku mbili, wakaongeza pete za zege, na siku ya tatu yakaja maji mengi, safi, ya baridi. Fundi alitoka kisimani ana tope hadi kwenye nyusi, anacheka.

"Hapa mama umeula," akaniambia.

Maji yale hatukuwahi kuyanywa hata siku moja, kwa kuwa kisima kilikuwa jirani na choo. Ya kunywa, kupikia na kuoga tulinunua kwenye madumu. Ya kisima yalikuwa ya miche, na ya kufulia na kudekia. Nakumbuka siku za mwanzo nilifua nikaona sabuni haitoi povu. Nikailaumu sabuni, nikanunua ya aina nyingine.

Wiki ya tatu ndipo nilipoona ncha za majani ya miparachichi zimekuwa kahawia, kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto. Nikafikiri ni jua. Nikaongeza maji. Nilikuwa namwagilia asubuhi na jioni, nikaanza kumwagilia na saa sita mchana. Majani yakazidi kuungua. Yakafuata ya michungwa, yakipauka na kudondoka hata ukiupita mche bila kuugusa. Niliokota majani kwa beseni.

Nikaenda kwa mzee wa pembejeo na tawi mkononi. Akavaa miwani, akaligeuza.

"Wadudu siwaoni," alisema. "Huenda ni ukungu. Maji unamwagilia yapi?"

"Ya kisimani, kama siku zote."

Akanipa dawa ya ukungu. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa, kwa sababu nilimwambia "kama siku zote" wakati haikuwa kama siku zote. Nilipuliza dawa, nikabadilisha udongo wa viriba vyote vya miembe kwa mikono yangu mpaka kucha zikachanika, nikafunga neti ya kivuli. Kisha nikamwagilia tena, sana. Ndicho nilichojua. Kwetu milimani mche ukinyong'onyea unaupa maji.

Kuna mateso ya kutazama kitu kinakufa huku unakihudumia. Nilikuwa naamka kabla ya adhana, nasimama mlangoni naogopa kutoka. Nikitoka nakuta safu nyingine imekunja majani. Binti yangu akiniita kula nasema nakuja, siendi. Nilianza kuzungumza na miche, mie mtu mzima, naiomba. Nilikaa chini kati ya viriba nikalia hadi kamasi zikanitoka, kwa sababu pale ndipo palipokuwa na ada, chakula, na kile kijisehemu cha baba yangu nilichokuja nacho Dar.

Kisha akaja mteja mmoja, mama aliyenunua kwangu miembe kumi na miwili. Aliishusha kwenye gari, mikavu, akaipanga mbele yangu mmoja mmoja.

"Dada, wewe umeniuzia kuni," akasema.

Fundi wa mageti alikuwa amesimama anasikiliza. Mama yule alipoondoka, fundi akaja, akatikisa kichwa.

"Dada yangu, hii si bure. Mie nimekaa pwani miaka mingi. Hii ina mkono wa mtu. Nani anaitazamaga miche yako kila siku?"

Angekuwa ameniambia hivyo miezi mitatu nyuma ningemcheka. Siku ile neno lake halikunichekesha. Liliniingia na likakaa, na kibaya zaidi ni kwamba liliniletea nafuu. Kumbe kuna sababu. Kumbe kuna mtu. Niliwaza usiku kucha zile sifa za asubuhi, miaka minne, na kwamba mama yule hakuwa akisema "mashaallah" baada ya kusifia, ingawa leo nikikumbuka vizuri nadhani alikuwa akisema.

Asubuhi akaja na ndoo yake kama kawaida. Hakuwa akisifia tena; alikuwa anatazama ile miche mikavu kwa huruma, anapita taratibu. Nikamziba njia.

"Mama, kuanzia leo usipite kwangu."

"Kwani kuna nini, mwanangu?"

"Wewe unajua. Umeisifia miche yangu mpaka umeimaliza. Una jicho baya wewe. Umenifilisi!"

Nilipiga kelele. Kinyozi mwenye banda mbele kidogo ya njia alitoka na mashine mkononi. Watu wa bodaboda wakageuka. Mama yule alitua ndoo chini, akanitazama.

"Mie? Mie mwanangu?"

Aliinua ndoo, mara ya kwanza ikamshinda, akainua tena, akarudi alikotoka. Tangu siku ile alizunguka kwa njia ndefu, ya kule bondeni.

Mwanamke mzee, mjane, anayeishi peke yake. Nilijua neno kama lile linamfanya nini mtu wa namna hiyo, na nililisema. Baada ya siku chache niliona anarudi na ndoo imejaa. Wateja wake wa kijiweni walikuwa wameacha kununua. Watoto walikuwa wanakimbia akipita. Niliyaona yote hayo nikiwa mlangoni kwangu na nikanyamaza, kwa sababu nilihitaji iwe kweli. Na miche ikaendelea kufa vilevile ingawa yeye hapiti tena.

Mume wangu alirudi Jumamosi moja mchana, baada ya wiki saba. Alisimama njiani na begi lake la zana begani, hakuingia. Nilimweleza yote ya miche, mpaka ya jirani, nikitaraji atakasirika pamoja nami. Alichuchumaa kando ya mchungwa mkavu, akapitisha kidole kwenye ukingo wa kiriba. Palikuwa na unga mweupe, kama wa chokaa. Mie nilikuwa nauona siku zote nikidhani ni dawa niliyopuliza.

"Huu unga umeanza lini?"

"Sijui. Ni dawa hiyo."

"Si dawa." Akaulamba. Akanitazama, akaulamba tena. "Ukuta ukijengwa kwa maji ya chumvi unatoa unga hivihivi. Kisima umekichimbisha tena?"

Nikamwambia niliita mafundi wakakishusha. Alikwenda mwenyewe kwenye bomba, akakinga maji kiganjani, akayatia mdomoni, akayatema.

"Onja," akasema.

Nikaonja. Yalikuwa ya chumvi, hayana hata haja ya kuonjwa mara mbili. Nilikuwa nimeshuku jua na ukungu na majicho ya watu, kumbe muuaji ni mie na keni yangu ya kumwagilia, asubuhi, mchana na jioni. Ule mwezi ambao miche ilikuwa inaniomba nipunguze, mie niliongeza.

"Na mama wa watu?" mume wangu aliuliza. Hakupandisha sauti. "Utamwambia nini?"

Nilikwenda jioni ileile. Nilimkuta uani anachambua mchele, na mtoto wake wa kiume, aliyekuja kumtazama, amekaa kizingitini. Nilipiga magoti mchangani. Nilimwambia kila kitu, kisima, chumvi, unga mweupe. Nilimwambia nimekosa. Alisikiliza bila kuacha kuchambua.

"Uliyasema wapi?" akaniuliza.

"Njiani, mama."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya watu."

"Basi kayafute mbele ya watu. Humu ndani mie sikuwa nimeshitakiwa."

Kesho yake nilifanya hivyo. Nilikwenda kijiweni, nikaenda kwa kinyozi, kwa fundi wa mageti, kwa mzee wa pembejeo. Nilibeba kidumu cha maji ya kisima nikawaonjesha. Mzee alionja, akashika kichwa, akasema, "Astaghfirullah, na mie nikakuuzia dawa." Vijana wa bodaboda walionja wakacheka. Mmoja akaniambia, "Sawa sista, tumeelewa, lakini vitumbua vyake mie bado naviogopa." Nilimkasirikia, kisha nikakumbuka nani alimfundisha kuogopa. Baya la mtu hubebwa na kila anayelisikia, ila ukija kulitengua, kila mtu ana haraka zake.

Mama yule alihama kabla ya masika. Mwanawe alimchukua akampeleka Chanika, kwa binti yake. Niliona vyombo vyake vinapakiwa kwenye kigari cha kirikuu, kikaango cha vitumbua kimefungwa kwa kanga. Nilitoka kusaidia. Hakunikataza, na hakunisemesha.

Kati ya ile miche elfu mbili ilipona isiyofika mia, nayo tuliikosha chumvi viribani kwa maji ya madumu ya kununua mpaka tukakosa ya kuoga. Shule ilinunua miti kwa mtu mwingine. Tulikifukia kisima. Sasa hivi naenda Tegeta kila siku kumwagilia kitalu cha mtu, kazi ya kibarua, na kabla sijashika keni huonja maji kwanza. Wenzangu wananiona mwendawazimu.

Chanika nimekwenda mara moja. Ni mbali, upande wa pili kabisa wa jiji, na nilimkuta chini ya kibanda cha makuti anapepeta mtama, amekonda. Alinipa chai. Alinieleza habari za miguu yake, za bei ya mafuta ya taa, za wajukuu wanaompigia kelele. Nilipojaribu kulianza lile jambo, aliinua mkono.

"Vitumbua sipiki tena," alisema. "Kila nikishika kikaango nasikia sauti yako."

Alisema bila hasira, kama mtu anavyotaja ugonjwa wake. Nilikaa mpaka chai ikapoa. Wakati wa kuondoka alinisindikiza hadi kwenye mkorosho wa njiani, akanishika mkono, akauachia.

Ni zaidi ya mwaka sasa tangu siku ile. Mume wangu huniuliza nitakwenda lini tena, na mie namwambia wiki ijayo.