Kebo ya Kwenda Ghalani

Nilipoulizwa kikao kifanyikie wapi, nikajibu kwamba kifanyikie chumba cha seva, je, nilisema hivyo kwa sababu mashine ilikuwa humo, au kwa sababu nilijua kwamba humo yule mama karani wa ghalani hataweza kufungua kinywa? Zaidi ya miaka ishirini imepita na sijapata jibu la kuniridhisha. Kuna siku najitetea na kuna siku najishtaki, na siku za kujishtaki ndizo nyingi.

Ilikuwa miaka ya soko huria, wanunuzi binafsi walipoanza kushindana na ushirika, na kila kampuni ikataka kuonekana ya kisasa. Kampuni iliyoniita Kyela kufunga mtandao wa kompyuta ilinunua kakao ya Makwale na mpunga wa Ngonga. Mimi mwenyewe ni mtoto wa Ngonga. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nimefanya kazi Dar es Salaam muda usiotosha kujifunza mengi ila unaotosha kujiona najua, na nilishuka stendi ya Kyela na begi la vifaa nikitembea kama mtu anayetazamwa.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Nilifungua seva, nikachomeka kadi ya mtandao, nikaweka nyingine katika kompyuta ya mhasibu aliyekaa chumba hichohicho cha seva. Kadi ya tatu ilikwenda kwenye kompyuta ya ghalani, ng'ambo ya uwanja wa kuanikia kakao, karibu hatua mia moja. Kebo za mtandao hazikupatikana kule zikiwa tayari, kwa hiyo nilikuja na rola zima, na ncha nilizibana mwenyewe kwa koleo. Ndani ya kebo mna nyaya nane nyembamba, zimesokotwa mbilimbili, kila jozi na rangi yake. Nilizipanga jozi kwa jozi, rangi na mwenzake, kwa sababu zilipendeza hivyo, na kwa sababu niliona haya kufungua kitabu mbele ya watu walioniita mtaalamu. Nilipochomeka, taa ndogo za kijani zikawaka pande zote mbili. Hicho ndicho kipimo pekee nilichofanya.

Karani wa ghalani alikuwa mkwe wa mhasibu, mke wa mwanawe. Kwetu mke wa mtoto hamtazami baba mkwe wake, hakai naye chumba kimoja, wala hasemi akiwa mbele yake. Akimwona njiani hupinda pembeni na kujifunika kanga mpaka mzee apite. Familia nyingi zilikuwa zimeanza kulegeza mila hiyo. Yao haikulegeza, ingawa kanisani walikaa viti vya mbele. Kwa misimu miwili mama yule alikuwa akiandika uzito wa magunia kwenye karatasi, na mpimaji wa mizani akizibeba karatasi hizo hadi ofisini, kwa kuwa yeye mwenyewe asingeweza kuvuka mlango ule. Siku nilipomwonyesha kwamba sasa angeandika ghalani na maandishi yangefika kwa mhasibu bila mtu kuyabeba, aliweka mkono kifuani. "Ndaga fijo, kaka," alinishukuru. Nilijiona nimefanya jambo kubwa kuliko kufunga waya.

Wiki ya pili maandishi yakaanza kupotea. Machache yalifika, mengi yalikwama katikati, na mashine ya ghalani iliganda kila alipotuma kazi ya siku nzima. Mara mbili alimtuma mpimaji aje kunieleza. Mara mbili nilimjibu kwamba abonyeze taratibu, asiwe na haraka. Sikwenda hata kuangalia. Kutoka seva hadi kwa mhasibu, ambako kebo ilikuwa fupi kama urefu wa meza, kila kitu kilikwenda vizuri, na hilo lilinipa ushahidi nilioutaka.

Meneja, mtu wa kuja ambaye mila zetu hakuzijua, aliitisha kikao. Ndipo aliponiuliza tukae wapi, nami nikamjibu hivyo.

Mhasibu alikuwa mezani kwake. Mpimaji aliegemea kabati akatania kwamba mashine yangu imekula kakao kuliko panya wote wa ghalani, na watu wakacheka, nami nikachomwa. Mama alisimama nje ya mlango, ametupa mgongo, kanga imefunika kichwa chote.

"Mtaalamu," meneja akaniuliza, "kosa liko kwenye waya au kwa mtu?"

"Waya ni mzima. Taa zinawaka," nikasema. Ningeishia hapo ningekuwa mjinga tu. Nikaongeza: "Labda anazima mashine kabla haijamaliza kutuma."

Meneja akaugeukia mlango. Je, ni kweli, mama? Hakujibiwa. Akauliza tena, kwa sauti ya mtu asiyependa dharau. Niliona mhasibu ameukazia macho ukuta wa upande wa pili. Katika chumba kile tulikuwa watatu wenyeji tulioielewa sababu ya ukimya ule. Mpimaji alitazama miguu yake. Mimi nilikunja kebo iliyobaki, mduara juu ya mduara, kwa makini mno.

Meneja aliuchukua ukimya kuwa kukiri. Kesho saa mbili, akasema, aje akabidhi funguo za ghala, na kazi yake itafutiwa mtu mwingine.

Nilipotoka, mhasibu alinifuata hadi kwenye vichanja vya kakao, penye ile harufu kali kama ya siki. Alivua miwani.

"Mwanangu, wewe ni wa Ngonga," alisema. "Ulijua hawezi kusema nikiwa mle."

Nilianza kumwambia kwamba sikufikiri.

"Ungeninong'oneza tu nitoke, ningetoka." Akavaa miwani yake akarudi ndani. Hakunitukana, na hadi leo natamani angenitukana.

Jioni ile, jua likiwa bado juu ya migomba, nilikaa chumbani kwenye nyumba ya wageni na kumwaga begi kitandani. Ndani ya boksi la kadi mojawapo mlikuwa na kebo fupi iliyotoka kiwandani, ambayo sikuwahi kuitumia. Kichwa chake kilikuwa cha plastiki angavu. Nilikisogeza dirishani nikahesabu rangi. Jozi ya kijani haikukaa pamoja: waya mmoja ulikuwa wa tatu, mwenzake wa sita, na jozi ya buluu imekaa katikati yao. Nikashika kipande changu. Jozi kwa jozi, kama nilivyozipanga. Nikafungua kitabu hatimaye, na kitabu kikaeleza kwa sentensi mbili kwamba kebo iliyopangwa hivyo itawasha taa, tena kwa umbali mfupi itafanya kazi, ila ikiwa ndefu maneno yataingiliana na kupotea njiani.

Nilifikiria kuingia alfajiri, kubadilisha vichwa kimyakimya na kutangaza kwamba mashine imepona. Niliifikiria njia hiyo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Lakini kebo ingepona, na mama bado angekuwa amekabidhi funguo. Nikaamua nitasema, palepale niliposema uongo, na naye awe ndani.

Asubuhi nilifika kabla ya saa mbili. Nilimwendea mhasibu kwanza. "Tata, naomba utoke kidogo," nikasema, nikimwita baba kwa lugha yetu, na alitoka kwa mlango wa nyuma bila kuniuliza. Kisha nikamfuata mama uwanjani, funguo mkononi mwake, nikamwambia kwamba mzee ametoka na kwamba anaweza kuingia. Aliingia. Mbele ya meneja na mpimaji niliweka kebo mbili mezani, nikaonyesha ipi ni ya kiwanda na ipi niliibana mimi, nikasema hakuzima mashine kabla ya wakati, kosa ni la mikono yangu, na jana nilijua kwamba hataweza kujitetea.

Meneja alizigeuza kebo mkononi, kisha akamgeukia mama. "Funguo baki nazo, mama," alisema.

Mama hakunitazama. "Nilikuwa nazima kama alivyonifundisha," alimwambia meneja. "Mara mbili nilimtumia habari. Hakuja."

"Ni kweli," nikasema. "Sikuja."

Nikachukua koleo, nikavuka uwanja hadi ghalani, nikakata kichwa cha kwanza.