Mjukuu Wangu Ajisemea

Mpaka leo sijaielewa vizuri kazi aliyosomea mjukuu wangu. Anaandika maagizo, kompyuta inayafuata. Mwisho wa ufahamu wangu ni hapo. Aliporudi kwangu Magomeni na cheti chake, alinisomea tangazo kwenye simu: wanamtaka anayeanza kazi, mwenye uzoefu wa miaka miwili.

"Anayeanza ataupata wapi uzoefu?" nikamuuliza. "Hawa wanamtaka mwari aliyekwisha kuzaa."

Alicheka, akaendelea kuomba. Waombaji walikuwa wengi kupita kiasi. Mara moja tu walizungumza naye, kwa simu ya video, nami nikiwa chumba cha pili na tasbihi yangu. Wakamuuliza anaweza nini. Akajibu taratibu, "Hilo watalisema wenzangu niliosoma nao."

Nilifurahi. Miaka yote nimewafundisha watoto wa chuo changu cha Kurani kwamba mtu hajisifu, husifiwa. Hawakumpigia tena.

"Wanataka nijisifu, bibi," akaniambia.

Ndipo tukasikia kwamba mwenye nyumba ya wageni huko Mikumi anatafuta mtu wa kumtengenezea programu ya kupokelea wageni wake. Nikavaa baibui langu zuri, tukapanda basi. Kama yeye hajisifu, basi nitamsemea mimi mkubwa wake, kama tufanyavyo kwenye posa.

Mwenye nyumba, mama wa makamo, alitukaribisha. "Shikamoo bibi." Nikaitikia marahaba, kisha nikaanza: mtoto huyu hajawahi kunijibu vibaya, huamka alfajiri bila kuitwa, alikhitimu Kurani angali mdogo.

"Bibi," akanikatiza kwa adabu, "mimi sitafuti mkwe." Akamgeukia mwenzangu. "Wewe, binti, unaweza nini?"

Mjukuu wangu akanitazama. Nilijua ananiomba ruhusa. Kumnyima ni kumfungia riziki. Kumpa, sikujua nampa nini.

"Sema," nikamwambia.

Akasema. Kwamba ameshatengeneza programu mbili, kwamba ya pili ni nzuri kuliko zile wanazouziwa watu mjini. Sauti ile sikuijua. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho, akampa mwezi wa majaribio, tena kazi aifanyie nyumbani kwangu. Ameajiriwa Mikumi, anakaa Magomeni. Hilo nalo nimeliacha lilivyo.

Ndani ya basi akaniuliza, "Nimekukera, bibi?"

"Sijui," nikamjibu, na ndiyo kweli. Kila nilipofungua mdomo kusema alhamdulillahi, ilitangulia astaghfirullahi. Nikazisema zote mbili hadi Magomeni.