Teresiah wa Bahati na Picha ya Gunia

Teresiah alikuwa mshonaji wa kola katika kiwanda kimoja cha mashati kule Industrial Area, na kwa miaka kumi na saba hakuna mtu kiwandani aliyewahi kumwona akilia. Mama yake alipofariki aliomba ruhusa ya siku tatu, akaenda, akazika, na siku ya nne akarudi kwenye cherehani yake. Wenzake walisema ana moyo mgumu. Aliishi mtaa wa Bahati, katika chumba kile kile cha kanjo, yaani cha baraza la jiji, alichoingia akiwa bibi harusi, pamoja na binti yake Mirriam, ambaye kufikia mwaka wa sabini na saba alikuwa karani wa kupiga chapa mjini.

Mirriam hakumjua baba yake. Njogu alichukuliwa asubuhi moja ya Aprili, mwaka wa hamsini na nne, wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni, wanajeshi walipoizingira mitaa ya Eastlands. Wanaume walitolewa nje wakapangwa foleni. Mbele yao alikaa mtu wa kuwatambua waasi, aliyefunikwa gunia kutoka kichwani hadi magotini, lenye matundu mawili ya macho. Kila mwanaume alipofika hapo, gunia lilitikisa kichwa au halikutikisa. Kwa Njogu lilitikisa. Akapandishwa lori. Teresiah, akiwa na mimba ya miezi minne, alikuwa amesimama upande wa wanawake. Miaka mitatu baadaye mtu mmoja aliyetoka kizuizini Manyani alimweleza kwamba Njogu alikuwa akikohoa sana, na kwamba asubuhi moja wakati wa kuitwa majina, la kwake halikuitwa. Hakuna karatasi iliyoletwa. Teresiah alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akaendelea kuchagua maharagwe.

Basi mwaka huo wa sabini na saba alifika Bahati kijana mmoja aliyeitwa Maingi, amevaa suruali pana miguuni, na kipaza sauti mkononi. Alisema kuna wazungu wamekuja kutengeneza sinema kuhusu Emajensi, na wanatafuta watu wa kusimama kwenye umati. Watu wakajazana. Jirani yake Teresiah, Nthoki, Mkamba wa Mbooni mwenye maneno mengi na kicheko cha karibu, alimvuta mkono.

"Twende, Mama Mirriam. Ni Jumamosi, huna kazi. Tutapewa chai na mkate, na tutaonekana."

"Nionekane nikifanya nini?"

"Ukisimama tu. Kusimama utashindwa?"

Teresiah hakuona sababu ya kwenda, wala hakuona sababu ya kukataa. Akaenda.

Walipelekwa kwa basi hadi uwanda mtupu kando ya Barabara ya Kangundo, upande wa Komarock, ambako mafundi walikuwa wamejenga Bahati nyingine kwa mbao nyembamba. Kwa mbele zilikuwa nyumba kabisa, hata mabati yalikuwa yamepakwa kutu. Kwa nyuma kulikuwa na miti ya kuegemeza tu. Nthoki alizunguka akizigonga kuta na kucheka. Teresiah alikaa juu ya jiwe akingoja kuitwa.

Mkubwa wa picha, mzungu mwembamba mwenye kofia ya kitambaa, alitaka mvua. Likaletwa gari la maji, mpira ukaelekezwa juu, na maji yakaanza kuwanyeshea. Wanaume wakapangwa kwenye matope. Wanawake wakawekwa nyuma ya seng'enge. Kisha akaletwa mtu wa gunia, akaketishwa kwenye kiti.

Teresiah alilitazama lile gunia. Alitazamia kwamba kitu fulani kitamshika. Hakuna kilichomshika. Alihisi baridi ya maji yakimwingia shingoni, basi.

Wakarudia mara tatu. Mara ya nne mkubwa wa picha alimwita Maingi, akamwonyesha Teresiah kwa kidole, wakazungumza. Maingi akaja akiruka madimbwi.

"Mathe, anasema una uso mzuri sana. Anataka kuleta kamera karibu. Lakini anataka ulie."

"Nilie nini?"

"Wanampeleka bwana wako. Wewe si ulikuwa hapa wakati ule? Lia kama siku ile."

"Siku ile sikulia."

Maingi alikuna kichwa. Alirudi kwa mzungu, wakasemezana, akaja tena na kichupa cha dawa ya kuwasha macho. Walimpaka. Machozi yakatoka, lakini uso ukabaki vile vile, na kwenye kamera, Maingi alieleza kwa upole, alionekana kama mtu aliyeingiwa na vumbi. Mwishowe wakamwomba arudi nyuma, na mbele akawekwa Nthoki.

Nthoki alilia. Alilia mpaka hata waliobeba taa wakanyamaza. Alijitupa kwenye seng'enge, akaliita jina la mume ambaye hakuwapo, akaanguka matopeni. Nthoki aliingia Nairobi mwaka wa sitini na moja, alipoolewa na Muasya, dereva wa lori. Siku ya magunia alikuwa msichana kule Mbooni, akichota maji.

Wakati wa chai mtu wa gunia alilivua, na Teresiah akaona ni Nabiswa, mwekastoo wa kiwanda cha rangi, ambaye alikaa mstari wa tatu wa nyumba kutoka kwake. Alikuwa mtu mpole kutoka Kimilili, mwimba besi kanisani, umri wake miaka thelathini na mitatu hivi. Alikuwa akitoka jasho.

"Mama Mirriam, pole," akasema. "Nimeambiwa nitikise kichwa tu. Sikujua kama wewe ungekuwa hapa."

"Si kitu."

"Kimo changu ndicho kilichowafurahisha, wakasema linanikaa vizuri."

Teresiah aliweka kikombe chini. "Nipe niangalie ndani."

Nabiswa alisita, kisha akampa. Teresiah akalivaa gunia pale pale, kati ya watu waliokuwa wakila mkate. Lilinuka mkonge na pumzi ya mtu. Matundu yalikuwa yameshuka, na hata alipoyavuta juu, alichokiona ni matope na viatu. Nyuso hakuziona.

"Huoni watu," akasema akiwa ndani.

"Sioni. Yule askari nyuma yangu akinigusa bega, natikisa. Asiponigusa, natulia."

Teresiah alikaa humo kwa muda. Miaka ishirini na mitatu alikuwa amejiuliza ni nani aliyemtambua Njogu, na alimkosea nini. Sasa alifikiri kwamba huenda hakuna aliyemtambua. Wazo hilo lilimjia kama habari ya mtu asiyemfahamu. Akalivua gunia, akamrudishia Nabiswa, akamalizia chai yake.

Sinema ilichukua miaka miwili kurudi. Ilionyeshwa Jumamosi saa nane mchana katika ukumbi wa mtaa, na Bahati nzima ilikuwepo, wengine wamekaa sakafuni, wengine wameninginia madirishani. Watu walijitafuta. Kila aliyejiona alipiga kelele ndogo. Teresiah alijiona mara moja, bega na kitambaa cha kichwa, nyuma ya Nthoki.

Hadithi yenyewe haikuwa ya watu wa Bahati. Ilikuwa ya afisa mmoja kijana wa Kizungu, mwenye roho safi, ambaye hakupenda kazi aliyotumwa. Alimwona Nthoki akilia kwenye mvua. Akasimamisha lori, akapanda, akamshusha mumewe, akamrudisha kwa mkono wake mwenyewe. Baadaye akamfuata mtu wa gunia, akalirarua lile gunia, na uso wa Nabiswa ukajaa ukutani, mkubwa kama nyumba, macho yamemtoka kwa hofu. Teresiah hakujua kwamba walikuwa wamempiga picha hiyo. Ilipigwa siku nyingine.

Afisa alipomshusha mume wa Nthoki, ukumbi ulilipuka kwa makofi. Uso wa Nabiswa ulipotokea, walizomea. Teresiah aligeuza kichwa akawatazama. Kulikuwa na wazee waliotoka kambi za Manyani na Mackinnon Road wakipiga makofi. Kando yake Mirriam alikuwa akipiga pia, machozi yakimtiririka.

Walipokuwa wakirudi nyumbani Mirriam alisema, "Mama, kumbe wengine walikuwa na huruma."

"Labda," Teresiah akajibu.

Ni hapo mambo yalipoanza kubadilika, polepole, bila mtu kuamua. Watu walijua ile ni sinema. Ungewauliza, wangekuambia Nabiswa alikuwa mtoto wa miaka kumi, mchunga ng'ombe Kimilili, hata Nairobi hajaisikia. Lakini kanisani benchi lake likabaki wazi. Kinyozi akawa na kazi nyingi kila alipoingia. Vijana wakamwita Gunia, kwanza kwa mzaha, halafu likawa jina lake tu. Mzee mmoja aliyefiwa na kaka kizuizini alimtemea mate miguuni mbele ya duka, na hakuna aliyemkemea. Mkewe akaanza kwenda mferejini kuchota maji saa ambazo wanawake wengine wamekwisha ondoka.

Nthoki naye akawa mtu mkubwa. Shule ya msingi ilimwalika kila Oktoba, sikukuu ya wapigania uhuru ilipokaribia, awaeleze watoto mateso ya Emajensi. Alieleza vizuri. Alieleza mvua, matope, seng'enge, na yule afisa. Teresiah hakumwonea wivu. Wakati mwingine Nthoki alipita kwake baada ya hapo, wakanywa chai, akasema, "Mama Mirriam, nikianza tu kusema naona kila kitu, kana kwamba nilikuwa." Na Teresiah akamwelewa, kwa sababu hata yeye, akifumba macho amtafute Njogu kwenye foleni ile, aliona mvua. Ilhali siku ile jua lilikuwa kali. Alilazimika kujikumbusha jua, kama mtu anayejikumbusha kufunga mlango.

Mwaka wa themanini na nne Nabiswa alihama. Alikuwa amepata kiploti Lucky Summer, kule karibu na Baba Dogo, akajenga vyumba viwili vya mabati. Siku ya kuhama hakuna jirani aliyetoka. Teresiah alisikia kishindo cha kitanda kikipakiwa mkokotenini, akatoka, akashika upande mmoja wa kabati. Walipomaliza Nabiswa alimpa mkono.

"Wewe ndiye ungekuwa na sababu ya kunikwepa," akasema.

"Hukunifanyia kitu," Teresiah akasema, na mkokoteni ukaondoka.

Oktoba hiyo Nthoki aliumwa na miguu, akamwomba amsindikize shuleni. Watoto walikuwa wameketi kwenye nyasi. Nthoki akasimulia mpaka akafika kwenye gunia, na mtoto mmoja akanyoosha mkono, akasema mtu wa gunia alikuwa Nabiswa, baba yake alimwambia. Nthoki akacheka kidogo. Hakukanusha. Akaendelea.

Teresiah alisimama. Mwalimu mkuu alidhani anataka kutoka, akamwonyesha njia. Hakutoka.

"Hakukuwa na mvua," akasema. Sauti yake ilikuwa ile ile anayotumia kuomba uzi kiwandani. "Ilikuwa jua. Mume wangu aliitwa Njogu, akapelekwa. Hakuna afisa aliyemrudisha. Hakuna aliyerudishwa siku hiyo. Aliyekuwa kwenye gunia simjui. Nabiswa alikuwa mtoto kama nyinyi."

Akakaa. Watoto walingoja, kwa sababu hadithi ya Nthoki huchukua nusu saa. Walipoona hasimami tena, mwalimu mkuu akasema wampigie makofi, wakampigia. Nthoki aliinamisha kichwa, na walipofika mlangoni wakirudi, akasimama.

"Ungeniambia, dada," akasema. "Mimi nilikuwa najaza tu."

"Najua."

Mirriam alizipata habari hizo kazini kwake. Alirudi akasimama mlangoni na mkoba begani.

"Kwa nini hukuwahi kuniambia mimi?"

"Hukuuliza. Ulikuwa na ile ya sinema."

Mirriam alikaa kitandani, akauliza. Teresiah akamweleza yote, na hayakuwa marefu. Yaliisha kabla chai haijachemka. Mirriam alilia, na Teresiah akamshika mgongo, akamwacha alie.

Jumapili iliyofuata Teresiah alipanda basi hadi Lucky Summer. Nabiswa alikuwa nyuma ya nyumba akipalilia sukuma wiki. Alimtolea kiti, akamsikiliza akieleza yaliyosemwa shuleni.

"Waliamini?" akauliza.

"Sijui. Walipiga makofi."

Nabiswa alitikisa kichwa taratibu, akatazama vidole vyake vyenye udongo. Alisema huku watu bado ni wachache, na hakuna anayemjua ila kama mwekastoo. Aliongeza kwamba kanisa dogo limeanzishwa na wanatafuta mtu wa besi. Kisha akamkatia sukuma wiki za kutosha siku mbili, akazifunga kwa gazeti, na mkewe akatoka kuwasalimu, akamwuliza Teresiah kama angependa kukaa ale. Teresiah alifikiri, akasema angekaa.