Mkato wa Wima na Mkato wa Kulala

Sista Phelesia alifanya kazi ya uuguzi miaka kumi na tisa katika chumba cha upasuaji cha hospitali ndogo ya misheni, mwendo wa asubuhi moja kutoka Uriri. Wanawake walioshindwa kuzaa kwa njia ya kawaida waliletwa pale kwa baiskeli au machela, wengine wakiwa na uchungu wa siku mbili. Wakishapasuliwa, yeye ndiye aliyewasafisha vidonda na kuwasikia wakilia walipojaribu kugeuka kitandani.

Karibu miaka yote hiyo mpasuaji pekee alikuwa Daktari Ratemo. Alipasua kwa wima, kutoka chini ya kitovu kushuka, na kushona tabaka kwa tabaka: mfuko wa uzazi mara mbili, utando wa ndani unaofunika matumbo, misuli, ngozi. Ilichukua saa nzima na uzi mwingi, na uzi haukupatikana kila wiki.

Mwaka 1997 akaja Daktari Hamud, kijana wa Mombasa. Yeye alipasua kwa kulala, chini kabisa ya tumbo. Ngozi aliikata kwa kisu, na nyama za ndani akazitanua kwa vidole. Mfuko wa uzazi aliushona mara moja tu. Utando hakuushona.

"Umeacha tumbo wazi," Ratemo alimwambia siku ya kwanza.

"Utando hujifunga wenyewe, mzee. Tukiushona ndipo matumbo hugandana."

"Na mfuko? Mshono mmoja utastahimili mimba nyingine?"

"Nilikosomea, damu ilipungua, na homa pia. Kuhusu mimba ya pili, sijui."

Hawakukosana. Walipatana kila mmoja aendelee na njia yake, na Phelesia awafuatilie akina mama kwa wiki sita. Hakuna aliyemuuliza kama nguvu anazo. Siku yake ya mapumziko ikawa siku ya kutembea, nyumba hadi nyumba, akiinua leso na kutazama matumbo.

Aliyoyaona aliwaambia madaktari kama yalivyo. Beverly, mwalimu aliyepasuliwa na Ratemo, kidonda chake kilitunga usaha, akalala wodini siku ishirini na nne. Mmoja wa Hamud naye alitoka damu hadi nduguze wakaitwa kumchangia. Lakini wengi wa Hamud waliketi siku ya pili na kuomba uji. Wale wa Ratemo, siku ya pili, walikuwa bado wanaomba sindano ya maumivu.

Kisha kulikuwa na Dolphine, msichana mfupi, mwenye nyonga nyembamba, aliyepasuliwa na Hamud. Phelesia alimfuata hadi Macalder siku ya kumi na mbili, akamkuta ameinama mtoni, karai mkononi, akichekecha mchanga wa dhahabu.

"Nyathina, mwanangu, nani alikuruhusu kuingia majini?"

"Sista, nisipoingia nitakula nini?"

Phelesia alitaka kumgombeza, ila alikuwa amechoka mno. Alimkalisha kwenye jiwe, akakitazama kidonda. Kilikuwa kimefunga, kikavu.

Hamud alihamishwa mwaka uliofuata. Mwaka 1999 Dolphine alirudi na mimba ya miezi tisa, na safari hii mpasuaji alikuwa Ratemo. Kwa miaka miwili alikuwa akiuogopa ule mshono mmoja. Alipitisha kisu juu ya kovu la zamani, la kulala, akafungua, kisha akasimama.

"Sista, sogea uone."

Kovu la mfuko wa uzazi lilikuwa jembamba, lakini zima. Kibofu hakikuwa kimeshikana na kitu. Ndani kulikuwa safi kama tumbo ambalo halijawahi kuguswa. Mtoto alitolewa analia, wa kike.

Ratemo aliushona mfuko mara mbili, kwa kuwa kovu moja lililopona vizuri halikumtosha kuwa ushahidi. Utando akauacha.

"Wale wengine wote," Phelesia alisema, "tuliowashona utando miaka kumi na tisa."

"Tulifanya tulichojua."

"Ndiyo, daktari."

Phelesia alitoka akaegemea ukuta, nyuso za wanawake zikimjia, hasa wale waliorudi na maumivu ya tumbo wakaambiwa ni minyoo. Alitamani kulia, machozi hayakuja.

Siku ya tatu Dolphine alikuwa akitembea wodini, mtoto begani.

"Sista, nitaweza kuzaa wa tatu?"

"Utapasuliwa tena. Upumzike kwanza, miaka mitatu au minne."

"Na wewe utakuwepo?"

"Mimi nimeomba kustaafu."

Barua yake ya kustaafu ilikubaliwa mwezi wa Desemba. Tangu siku ya Dolphine, Ratemo alipasua kwa kulala, na wauguzi wapya walidhani ndivyo alivyofanya siku zote.