Simu Tuliyoirudisha Mjini

Namshukuru Mungu aliyenifikisha uzee huu, akaniachia akili ya kukumbuka na subira ya kuandika. Sifa ni zake kwa siku tulizocheka, na ni zake pia kwa siku hizi ninazotaka kuzisimulia.

Katika miaka ya tisini nyumba yetu, juu kidogo ya soko la Nyaramba, ndiyo pekee iliyokuwa na simu upande ule wa mlima. Nguzo zilipita kando ya shamba letu la chai zikielekea kiwandani, nami nilikuwa nimestaafu ualimu na kufanywa mzee wa kanisa, kwa hiyo nilipoomba laini sikunyimwa. Ilikuwa simu nyeusi, nzito, ikakaa sebuleni juu ya meza ndogo, imefunikwa kitambaa alichofuma mke wangu. Majirani waliwapa watoto wao wa Nairobi namba yetu. Mwanzoni ilileta mambo mema: fulani amepata kazi, fulani amejifungua. Kisha ukaja ule ugonjwa ambao hatukuutaja kwa jina, na simu ikawa inalia kwa jambo moja.

Kwetu, habari ya kifo haisemwi kwa haraka, wala haisemwi kwa mtu aliye peke yake. Anayeipokea huenda kwanza kwa baba mdogo wa marehemu. Wanatafutwa wanawake wenye mikono ya nguvu, kisha wote wanaingia kwa mama yake pamoja. Wanaketi. Wanaanza mbali: mtoto aliugua kidogo, akapelekwa hospitali, madaktari wanajitahidi. Wanawake wanasogea. Neno lenyewe linakuja mwisho, mama akiwa ameshashikwa. Kazi hiyo niliifanya mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, hata kwa watu wa mbali huko Magwagwa, hadi watu wakaanza kuusoma mwendo wangu. Nikipita njiani, mama mwenye mtoto mbali aliacha kuchuma chai, akanitazama mpaka nimpite.

Binti yetu wa pili naye alikuwa ameshikwa na ugonjwa huo. Aliishi Nairobi kwa binamu yake, binti wa ndugu yangu. Nilikwenda nikamsihi arudi nyumbani, akakataa. "Tata," aliniambia, maana ndivyo tunavyomwita baba kwa Kigusii, "nikirudi hivi watakuja kunikagua kama ng'ombe wa mnada." Basi kila Jumapili alasiri binamu yake alimshika mkono wakashuka hadi kwenye kibanda cha simu, naye akatupigia. Mimi nilimwambia habari za mvua na za ndizi. Mama yake alizungumza baada yangu, akipaza sauti kana kwamba anamwita mtu ng'ambo ya mto. Mazungumzo hayo ndiyo yaliyotufikisha Jumapili nyingine.

Siku moja mwana wa jirani yetu mjane alipiga simu kusema kwamba mwisho wa mwezi anakuja. Ndiye mwana pekee aliyebakia kwa mama yule. Nilifurahi kupata habari njema ya kupeleka, nikatoka hapo hapo. Njiani nilikutana na wanawake wawili wa kanisani kwetu wakitoka kupeleka majani chai kituoni, tukaongozana. Mjane alituona tukiingia lango lake, akasimama na mwiko mkononi.

"Mwanao amepiga simu," nikasema.

"Anaumwa?"

"Haumwi. Ni mzima kabisa, na anakuja—"

"Mzima kabisa!" akapiga ukelele. "Mmekuja watatu kuniambia ni mzima kabisa!"

Akajitupa chini. Wale wanawake, kwa kuizoea kazi, walitupa vikapu wakamshika, nao wakanitazama kwa lawama kwamba njia yote nimewaficha. Kadiri nilivyosema kijana hana neno, ndivyo walivyojua naanza mbali. Kilio kikavuka mlima, kikajibiwa upande wa pili, na punde boma likajaa. Vijana walikuwa wameshaanza kukata miti ya kibanda cha waombolezaji. Mzee mmoja akaniinamia sikioni, "Mwili unafika lini?"

Ilinibidi nimchukue shemeji wa yule mama hadi nyumbani kwangu, tukapiga simu kazini kwa kijana, naye akaitwa. Shemeji alipomweleza, sauti ilisikika hadi mlangoni: "Mimi nimekufa? Baba mdogo, kimbia! Waambie wasimchinje ng'ombe wangu!"

Juma lililofuata mjane alikuja kwetu, akakaa na mke wangu sebuleni, wakacheka mpaka wakajifuta macho. Mimi nami, Mungu anisamehe, nilicheka pia kwa sauti. Kisha mjane akaitazama ile simu.

"Lakini nilishikwa vizuri, mama," akamwambia mke wangu. "Hata kwa kifo cha uongo nilishikwa. Wewe siku yako ikifika atakuja nani? Itakukuta humu ndani na huyu mzee. Utashikwa na nani, na meza?"

Hakusema kwa ubaya. Wote walijua kuhusu binti yetu, ingawa halikuwa jambo la kuzungumzwa.

Jioni ile, baada ya maombi, mke wangu aliniambia, "Irudishe."

"Na Jumapili je?"

Aliondoka akaenda kufunga kuku. Lakini tangu siku hiyo simu ikilia alisimama mahali alipo, mikono kifuani, akanisubiri niseme ni ya nani. Ikiwa ya jirani, alikaa chini polepole. Nilimwona akikonda. Aliniambia mara nyingine, bila hasira, "Mzee, kila mama huku amepewa saa moja ya kutojua. Anaona watu wanaingia, moyo unajipanga. Mimi nitaisoma usoni kwako ukiwa bado umeshika chombo. Sitaki habari ya mtoto wangu iingie kwa waya. Nataka ije kwa miguu, kama ya wengine."

Niliomba juu ya jambo hilo. Kukata laini kulikuwa kumkata mtoto angali anasema. Kuiacha kulikuwa kumwacha mama yake asimame hivyo kila inapolia. Tukakubaliana: maadamu sauti ya binti ipo, simu ibaki.

Ikaja Jumapili ambayo aliyepiga ni yule binamu peke yake. Vidonda vilikuwa vimeshuka kooni, alisema, na binti yetu hatoi tena sauti. Nilirudisha chombo mahali pake.

"Bado anaongea?" mke wangu akauliza.

"Hapana."

"Basi."

Nilisafiri hadi Nairobi nikakaa naye siku chache, nikamsomea zaburi, naye akinibana kidole pale alipopenda nirudie. Niliporudi nilikwenda mjini Kisii nikaomba laini ikatwe. Toka hapo niliingia kwa Mhindi mmoja wa duka la vitambaa, mtu aliyezaliwa pale mjini na aliyejua Kigusii kuliko wanangu. Nilimwomba akubali yule binamu apige simu dukani kwake, naye atume neno kwa mchungaji wetu.

Alisikiliza hadi mwisho, mkono juu ya jora la kitambaa. "Habari ya kifo cha baba yangu ililetwa na simu hii hapa," akasema. "Mteja alikuwa mbele yangu. Niliendelea kupima." Akaandika jina la mchungaji ukutani kando ya simu. "Nitatuma gari langu, mzee. Usiwe na wasiwasi."

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa kimya. Kisha asubuhi moja, tukichuma chai, mke wangu aliinua kichwa. Mchungaji alikuwa akishuka kati ya mistari ya chai na ndugu yangu, na nyuma yao wanawake, yule mjane akiwa mbele yao. Mke wangu alitua kikapu, akaketi mwenyewe juu ya nyasi akawangoja. Walianza mbali, kama inavyotakiwa. Aliwaacha waseme yote. Walipofika mwisho alikuwa katika mikono yao, nami nilikuwa katika mikono ya ndugu yangu, nikamshukuru Mungu nikilia.

Baada ya mazishi binamu alinivuta kando. Alisema kwamba siku kabla ya mwisho koo lilifunguka kidogo, na binti akaomba kubebwa hadi kwenye kibanda cha simu. Walipiga namba yetu, haikuita, na binamu hakuwa na moyo wa kumwambia kwamba laini imekatwa. "Wako shambani," binti akasema, wakarudi.

Nilimweleza mke wangu, kwa kuwa hatukuwa na desturi ya kufichana. Akauliza mtoto alitaka kusema nini. Nikamwambia binamu hakujua. Hakunilaumu, wala hakujilaumu mbele yangu, na hadi Bwana alipomchukua hatukulizungumza tena. Wapo walioniuliza kama tulifanya vema. Nimemwachia Mungu jibu, nami nangoja.

Wewe unayesoma, Bwana akulinde na wote ulio nao mbali. Na siku ngumu ikikufikia, kwa maana haimwachi mtu, ikukute umezungukwa na mikono ya watu. Amina.