Kompyuta ya Mjukuu

Kwa mara ya nne, bwana mifugo mstaafu wa Mtinko amekuja dukani kwa Foram, mjini Singida, kuagiza kompyuta mpakato ya mjukuu wake. Kila anapoulizwa swali, vidole vyake vinene hupapasa kwanza vitufe vya mashine ya maonyesho, kama anayetafuta kupe sikioni mwa ndama, ndipo hujibu. Rangi yoyote. Kasi ya kawaida inatosha. Kioo kiwe kikubwa kuliko vyote, vitufe viwake taa, herufi ziwe nene. Kwapani hubeba madaftari yake ya magonjwa ya ng'ombe, kazi ya miaka thelathini. "Mjukuu atayachapa yote," husema.

Leo Foram alimpa fomu aihakiki. Mzee aliishika ikiwa juu chini, akaipitia mstari kwa mstari mpaka mwisho. "Sawasawa kabisa, mwanangu."

"Mjukuu ana shida ya macho, mzee?"

"Yanafifia. Daktari amesema hayatafika mavuno ya alizeti."

Foram aliigeuza fomu taratibu mikononi mwa mzee, akamwonyesha kwa kidole mahali pa kutia saini. "Basi tuchukue iliyo tayari Dodoma," alisema. "Ifike kesho kutwa, aanze."