Vidole Visivyosomeka

Tangu Dada Ethel aache kutusomea, banda letu la kubangulia korosho hapa Chiungutwa limebaki mahali pa kukohoa tu. Moshi unatoka kwenye kaango, nyundo zinagonga, na kila mtu anawaza shida zake kimoyomoyo. Ukimsemesha mwenzako anakujibu kwa mguno. Mimi mwenyewe siku hizi naguna, na wala sijali.

Kabla ya hapo tulikuwa wanawake wanaojua mambo. Mimi niliyeacha shule darasa la nne, na sikuililia, nilijua kwamba pweza ana mioyo mitatu. Naima, anayebangulia kwenye jiwe la mlangoni, alijua kwamba kwenye sayari ya Zuhura siku moja ni ndefu kuliko mwaka mzima. Mumewe akichelewa kurudi nyumbani alimwambia ahamie huko. Yote hayo yalitoka kwenye simu ya Ethel, simu yenye kioo kilichopasuka ambayo aliinunua kwa mwendesha bodaboda kwa jasho lake.

Ethel alizaliwa Chidya, kwenye nyumba ya Waanglikana wa tangu enzi za misheni. Baba yake alikuwa mpishi wa shule. Vitu vya jikoni vilikuja vimefungwa kwa magazeti ya zamani, na mzee alikuwa akiyanyoosha na kumpelekea binti yake, yakiwa na mafuta na harufu ya dagaa. Ethel aliyasoma yote, hata matangazo ya vifo vya watu asiowajua. Alimaliza darasa la saba, jina lake halikutoka, ikawa basi. Akaolewa na Lameck, fundi baiskeli wa hapa kwetu, mtu mpole hadi anaudhi. Hawakujaliwa mtoto. Nayasema haya kwa sababu watu walimwona mwanamke wa makamo anainamia simu wakasema ni uvivu. Haikuwa uvivu. Ilikuwa njaa ya siku nyingi.

Kila asubuhi kabla ya kazi alipanda kichuguu kilicho nyuma ya kanisa, maana hapo mtandao ulishika. Alifungua kurasa zake na kuzihifadhi, halafu wakati wa mapumziko, korosho zikiwa zinapoa kwenye majivu, alitusomea. Kulikuwa na tovuti moja ya watu wanaouliza maswali ya ajabu na wengine wakiwajibu: kwa nini kitunguu kinaliza, kwa nini mtu hawezi kujitekenya mwenyewe. Nyingine ilikuwa ya picha za dunia kutoka angani. Humo alituonyesha uwanda wetu wote, jinsi ukingo wa Newala unavyokatika na kuteremka kuelekea mto Ruvuma, na mwisho akatuonyesha kidoa cheupe. "Hilo ndilo bati letu," akasema. Sijui wenzangu waliwaza nini, mimi niliona fahari.

Kurasa nyingine zilikuwa za Kiingereza. Hizo alizipitisha kwenye mtambo wa kutafsiri, zikarudi na Kiswahili kilichokunjamana, naye akakaa akakinyoosha neno kwa neno. Siku moja akatuambia mkorosho si wa kwetu, uliletwa na Wareno kutoka Brazili. Naima alinuna wiki nzima. "Huu aliopanda babu yangu kwa mkono wake?" alikuwa akiuliza. "Babu yangu alikwenda Brazili lini?"

Sasa nieleze habari ya vidole, maana ndivyo vilivyotumaliza. Ganda la korosho lina mafuta meusi yanayobabua. Tunapaka majivu mikononi, lakini majivu hayazuii kitu, yanapunguza tu. Ukibangua misimu miwili mitatu, ile michoro ya ncha za vidole inaliwa yote, kidole kinabaki laini kama kipande cha sabuni kilichotumika. Ethel aliyatafuta mafuta hayo mtandaoni akakuta yanatumika kutengenezea breki za magari. Tulicheka sana. Breki za magari ya watu, na sisi hata baiskeli hatuna.

Kicheko hicho kilikuwa na deni lake. Siku hizi hupati laini ya simu bila kuweka kidole kwenye mashine. Kitambulisho Ethel alikuwa nacho, alikichukua kabla hajaanza kubangua. Ila alipokwenda kusajili laini, mashine haikumtambua hata kidogo. Lameck, ambaye alikuwa kasimama pembeni, akaweka vidole vyake viwili vya mafuta ya cheni, vikakubali mara moja. Basi laini ikawa ya Lameck kwa jina na ya Ethel kwa matumizi. Nani angeona ubaya? Walikuwa mke na mume.

Lameck alifariki masika, presha ikampanda akiwa anajaza gurudumu upepo. Tulimzika, tukakaa matanga, yakaisha. Kwetu mali ya mwanaume inafuata tumbo la dada yake, na hakuna anayebisha. Kwa hiyo mpwa wake Reginald alikuja kutoka Newala, kijana mwenye adabu zake, akaamkia wote, akapewa baiskeli ya mjomba wake, spana, koti na redio. Vitu vyote vikawekwa kwenye mkeka. Nilidhani yamekwisha, nikawa napakua chakula.

"Mama, samahani," Reginald akasema. "Kuna na laini ya mjomba."

"Laini naitumia mimi, mwanangu," Ethel akamjibu. "Mjomba wako hata akitaka kupiga alikuwa ananiomba nimpigie."

"Naelewa, mama. Lakini jina ni la mjomba. Pengine kuna watu wanamdai, pengine anawadai, watapiga namba hiyo hiyo. Jina la marehemu haliwezi kubaki linazunguka."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilikuwa na mwiko mkononi na nilitamani kumpiga nao, pamoja na adabu zake zote. Ethel hakubishana. Alivua hereni, akachokoa nayo kitundu cha pembeni ya simu, laini ikatoka, akaiweka kwenye mkeka juu ya koti. Simu ikabaki yake. Simu bila laini, na kijiji hiki hakina mahali pengine pa kupata mtandao.

Nikamwambia, "Mjukuu wangu Loveness atakusajilia."

"Hapana, Mama Mabel. Siku Loveness akiolewa, mumewe atakuja kunidai. Nimeshanyang'anywa ya mtu mmoja. Nataka yangu, yenye jina langu."

"Wewe una kiburi."

"Ninacho," akasema.

Wakala wa laini, kijana anaitwa Twahiru, huja hapa kila siku ya gulio na mwavuli wake. Alimjaribu kidole kimoja kimoja, mashine ikakataa vyote. Akamwambia dawa ni moja: aache kubangua, ngozi itarudi, na michoro itarudi nayo. Ethel alikuwa ameshalisoma hilo zamani, akaja kutuambia kwamba anapumzisha vidole.

Nilimwona mwendawazimu, na nilimwambia. Msimu umechanganya, korosho zimejaa hadi mlangoni, nje ya geti wanawake wanaomba nafasi, halafu mtu anatoka kwa hiari yake? Bwana Abdulkadiri, mwenye banda, hakumbembeleza. Jiwe lake likakaliwa siku hiyo hiyo.

Lakini hakutuacha. Wakati wa mapumziko alikuja, akakaa kwenye gunia kando yangu, akatusomea zile kurasa alizokuwa amezihifadhi. Zilipokwisha alizirudia. Habari ya nyuki tuliisikia hadi tukawa tunamalizia sentensi pamoja naye. Mikono yake aliificha ndani ya kanga kama mtu anayebeba mayai. Hakushika sufuria ya moto, hakuchimba muhogo. Alikula makopa ya muhogo aliyoyaweka kwa ajili ya kiangazi, asubuhi na jioni, na mashavu yakaanza kuingia ndani.

Nikampelekea unga jioni moja. Nilikuwa na hasira. "Unakonda kwa ajili ya pweza," nikamwambia.

Hakucheka. "Mama Mabel, nikiamka nyumba haina mtu. Zamani nilikuwa nafungua simu, nakuta mtu wa mbali naye ameamka anajiuliza jambo, kama mimi. Sasa nasikia panya tu."

Nilisonga ugali, tukala, na tangu siku hiyo nikaacha kumsema.

Ngozi ikarudi. Polepole, kwa kubanduka na kuwasha, lakini ilirudi. Alikuwa akitushikisha dole gumba, nasi tunalipapasa kwa zamu, Naima akaapa anasikia mikwaruzo. Gulio lilipofika tulimsindikiza karibu banda zima. Dole gumba mashine ikalikubali. Kidole kinachofuata, maana mashine inataka viwili, kikasita, kikakataa.

"Bado kidogo sana, mama," Twahiru akasema, naye alikuwa amefurahi. "Gulio lijalo unaondoka na laini yako. Usiguse kitu."

Njiani kurudi Ethel alikuwa akitaja vitu atakavyovitafuta kwanza. Alitaka kujua kama nyuki wanalala. Alitaka kujua kwa nini huku juu mvua inanyesha na mto hakuna. Sijawahi kumwona mtu mzima ana furaha ya namna ile, na nilifurahi naye, Mungu ananiona.

Baada ya siku mbili ganda lilinirukia. Nilipiga nyundo vibaya, mafuta yakaingia jichoni, nikaanguka kutoka kwenye kigoda nikipiga kelele. Naima alinimwagia maji. Bwana Abdulkadiri alikuja akasimama, si mtu mbaya, akasema pole, akasema niende zahanati. Kisha akatazama getini. Lori lilikuwa linakuja kesho yake kuchukua mzigo, na jiwe likikaa bure mchana, jioni lina mwenyewe mwingine. Kila mtu pale alilijua hilo, na walijua nyumbani kwangu nani anakula kwa jiwe lile: mimi, Loveness na mtoto wake mchanga.

Yaliyofuata sikuyaona, jicho moja limeungua na la pili linalia. Naima ndiye aliyenisimulia. Ethel aliweka simu chini juu ya gunia. Akajifunga kanga vizuri kiunoni, akakaa kwenye kigoda changu.

"Dada Ethel, vidole vyako!" Naima akamwambia.

"Nisogezeeni majivu," akasema.

Alibangua mzigo wangu siku ile, na kesho yake, na siku zote hadi nilipoweza kufungua jicho, na wakati wa mapumziko hakutusomea tena. Bwana Abdulkadiri aliandika jina langu kwenye malipo. Nilipoenda nyumbani kwake kumwambia aache, aondoke kwenye jiwe lile, alikuwa ameloweka mikono kwenye maji ya chumvi, ncha zimekuwa nyeusi, ngozi changa ile inachubuka yenyewe.

"Utaanza tena kupumzisha," nikamwambia. Nilikuwa nalia.

"Makopa yamekwisha, Mama Mabel. Ya kuanzia tena sina." Halafu akaniuliza jicho linaonaje, kama naona mwanga kwenye kona.

Hata hivyo siku ya gulio alikwenda. Nilimfuata nikiwa na kitambaa usoni. Sijui alitumaini nini. Alisimama kwenye foleni nyuma ya vijana wenye vidole vizima, na zamu yake ilipofika akaweka dole gumba, lile lile lililokubaliwa wiki iliyopita. Taa nyekundu. Akaweka cha pili. Nyekundu. Twahiru akaifuta mashine kwa shati, akajaribu tena vyote kumi, akaanza kukereka.

"Mama, si tulikubaliana usiguse kitu?"

"Nilikuwa na kazi," Ethel akasema.

"Alishika nafasi yangu!" nikamwambia yule kijana. "Jicho langu hili! Unaliona?" Nilikuwa napiga kelele na watu wanageuka. Twahiru alisema pole bibi, kwa heshima, lakini kuna watu wanasubiri nyuma yetu.

Ethel hakuondoka mara moja. Alikuwa ameinama anaitazama ile mashine, kioo chake kidogo na mwanga wake, akaizunguka upande wa pili aione vizuri.

"Samahani, mwanangu," akamwambia. "Hiki kidude kinasomaje kidole? Ndani yake kuna nini?"

"Sijui, mama, mimi nabonyeza tu," Twahiru akasema, huku akipokea kitambulisho cha mtu mwingine. "Kaangalie mtandaoni, kila kitu kipo."

Ethel akamshukuru, akafunga kitambulisho chake kwenye pindo la kanga, tukarudi kazini, yeye kwenye kigoda changu.